Kitufe cha Kiswahili

Ofisi yetu ya Mikocheni ilikuwa na feni moja, na ilikuwaga inapuliza kompyuta, sio sie.

Nilikuwa natengeneza websaiti ya shirika moja la lishe ya watoto. Bosi alitaka wenye shirika wabadilishe maneno wenyewe bila kutusumbua, ndio nikawatengenezea sehemu ya kujazia: sanduku la Kiingereza, na pembeni yake sanduku la Kiswahili. Ukurasa hautoki mpaka yote mawili yajae. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe.

Kiswahili kilikuwa kinaandikwa na mama mmoja wa Temeke, mwalimu mstaafu, anauza vitumbua asubuhi. Mie ndio nilikuwa nampelekea Kiingereza na kurudi na karatasi zake kuzichapa. Sasa mama yule, akimaliza kutafsiri, anawasomea kwanza wanawake waliokuja kununua vitumbua. Wakikunja uso, anafuta, anaanza upya. Ukurasa wa uji wa mtoto ulikaa wiki nzima kwa sababu walisema hayo ni maneno ya redioni, hakuna mtu anaongea hivyo jikoni kwake. Mie niko kwenye benchi, natikisa mguu.

"Mwanangu, una haraka ya wapi?" akaniuliza. "Hiyo mashine yenu inalala njaa?"

Wote wakacheka. Nikaondoka nimenuna.

Wafadhili wa shirika wakawa wanakuja, na nusu ya kurasa zimekwama zinasubiri Temeke. Nikakaa nikaandika mistari michache tu: sanduku la Kiswahili likiwa tupu, ukurasa utoke tu, na msomaji akibonyeza kitufe cha Kiswahili, aonyeshwe Kiingereza hichohicho. Kurasa zote zikatoka mchana uleule. Bosi akanipiga bega, akasema sista, we kichwa. Nikajinunulia chipsi mayai kwa furaha.

Baada ya hapo sikutumwa tena Temeke. Kule kwenye shirika wanajaza Kiingereza, ukurasa unatoka, basi, nani ahangaike? Nilimwomba bosi turudishe sheria ya zamani. Akasema iache, mteja hajalalamika. Kweli hajalalamika. Anayebonyeza Kiswahili akaletewa Kiingereza atamlalamikia nani?

Mwisho nikaenda mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikapewa benchi langu. Mama akaniuliza kama mashine imepona, maana kwa kimya kile alijua imeharibika. Alikuwa ameshamaliza ukurasa wa kunyonyesha niliomwachia mara ya mwisho, na wanawake wameupitisha.

Nikamwambia mashine imebadilishwa, siku hizi haisubiri Kiswahili.

"Nani kaibadilisha?"

"Huko ofisini, mama."

Akageuza vitumbua. Halafu akanifungia vya moto kwenye gazeti. "Wapelekee hao wa ofisini. Waambie mie nipo, wasinisahau."

Nilivibeba mapajani kwenye daladala mpaka Mikocheni, mafuta yakapita kwenye sketi. Ukurasa wa kunyonyesha nikauchapa palepale, kabla sijakaa sawa. Nikabonyeza kitufe, Kiswahili kikaja. Nikabonyeza ukurasa wa pili yake, Kiingereza.

Bosi alikuwa anakula kitumbua cha tatu. Akauliza kapika nani, nikamwambia ni yule mama aliyekuwa anatuandikia Kiswahili.

"Aa," akasema, anajifuta vidole. "Kumbe tulikuwaga na mtu?"