Maharage Yaliyombakiza Mkunga

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi, na namba hazinibabaishi. Lakini Jumamosi ile ya maharage, hapa Masukulu, nilishangaa mpaka nikakaa chini, na tumbo langu kubwa la mimba nikalipakata.

Zilikuwa enzi za ruksa, soko huria likiingia nchini. Huduma za bure zilikuwa zinakwisha moja baada ya nyingine, na mkunga wa zahanati yetu alilipwa na mradi wa wafadhili. Siku moja mkubwa wa mradi akatangaza kwamba mkunga atahamishwa, kwa kuwa akina mama wanaojifungulia zahanati hawazidi nusu. Nusu! Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia nyumbani kabla mkunga hajaletwa, mvua inanyesha, njia ya Tukuyu haipitiki. Hakulia. Sasa nilikuwa na huyu wa pili tumboni, na nilikuwa naogopa kufa.

Hiyo nusu ilitoka wapi? Vijana wa mradi walipita nyumba kwa nyumba wakiongozwa na mzee anayeheshimika sana. Heshima ndiyo iliyoharibu mambo. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala na wazee wa rika lake. Na mzee yule alihesabika mkwe wa karibu kila mwanamke kijijini! Akikohoa tu njiani, wake za watu wote mgombani. Mimi mwenyewe nilichomoka na tumbo langu nikajibanza huko, ndizi nikaziacha jikoni zikaungua. Vijana wakikuta nyumba kimya, wanaandika kwamba humo hakuna aliyejifungulia zahanati. Jamani!

Jirani yangu alikuwa afisa takwimu, dada mmoja kijana aliyepangiwa kazi huku akitokea Kagera. Nilimsimulia habari ya ndizi zangu ili acheke. Hakucheka.

"Mwalimu, kumbe wanawake wenyewe hawakuulizwa?"

"Waulizwe na nani, mbele ya mkwe?"

Kesho yake akaenda kwa yule mkubwa kuomba kazi irudiwe, akakubaliwa. Aliandika kila nyumba kwenye kikaratasi, akavitia vyote kikapuni, akavichanganya, akafumba macho akatoa baadhi. Nikamuuliza kwa nini asiulize wote, wakati mambo ni ya kufa na kupona. Akasema kwamba nyumba chache zikichaguliwa bila upendeleo, zinaweza kuzisemea nyingi. Nikaguna. Nyumba yangu haikutoka kikapuni, na hilo nalo likaninunisha.

Safari hii waliouliza walikuwa wanawake peke yao, bila mzee wa kuwaongoza. Wee! Akina mama walifunguka mpaka chai ikapoa vikombeni. Wengi mno walikuwa wamejifungulia zahanati.

Mkubwa wa mradi alikuja darasani kwangu Jumamosi kusikia majibu, akatikisa kichwa. "Mmebahatisha tu. Mmeangukia nyumba za wapenda zahanati."

"Sawa, mzee," dada akamjibu. "Tuchukulie unachosema ni kweli."

Nilitaka kumrukia. Unamwachiaje hivi hivi? Lakini yeye akaniomba maharage, mekundu na meupe, akayahesabu yakalingana, akayachanganya kwenye debe. "Hiki ndicho kijiji chako, nusu kwa nusu. Mekundu ni waliokwenda zahanati. Toa punje bila kutazama, nyingi kama nyumba tulizouliza."

Akatoa. Mekundu yakaja karibu nusu. Tukarudisha, tukakoroga, akatoa tena. Na tena. Mekundu yalipanda kidogo, yakashuka kidogo, lakini hayakwenda mbali na ile nusu. Safari moja yalipanda kweli, lakini yakaishia chini ya yale majibu yetu. Mkubwa akakunja mikono ya shati. Akatoa tena na tena, huku mvua ikipiga bati, mpaka mwenyewe akaacha kutazama debe akawa anamtazama dada.

"Sisemi haiwezekani kabisa," dada alisema taratibu. "Nasema kama nusu yako ni kweli, kupata majibu kama haya kwa bahati ni shida mno. Idadi kamili siijui hata mimi. Ila hiyo nusu siwezi kukaa nayo tena."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Hesabu nimeifundisha maisha yangu yote, sikujua inaweza kufanya hivi! Hakumbishia yule bwana hata neno moja. Alimpa dai lake lote alishike, kisha akamwacha aone kwa mikono yake mwenyewe kwamba halisimami. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Mkubwa akashusha mikono ya shati, akasema mkunga atabaki. Maharage tukayachemsha, mekundu na meupe pamoja, na bwana yule akala sahani mbili.

Uchungu ulinishika mvua ileile haijakatika. Mtoto alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni, amekuwa wa bluu, kimya kama yule wa kwanza. Mkunga akakitoa haraka kwa vidole, akampigapiga mgongoni, akampulizia. Akalia.

Nilimwambia mkunga ndaga fijo, asante sana ya kwetu, mpaka akaniambia nipumzike. Nyumba yangu haikutoka kikapuni, na hakuna aliyewahi kuniuliza neno. Waliulizwa wenzangu, wakajibu, na mwanangu akalia.