Kidude Nilichokitoa Kwenye Injini

Injini ya gari inataka joto lake. Digrii tisini hivi, sindano ya kipimo cha joto ikae katikati, basi. Lakini sisi madereva wa Biryogo tuna ujuaji wetu: ukinunua gari la Japani, kitu cha kwanza unatoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Eti kimewekwa kwa ajili ya nchi za theluji! Nilikitoa kwa mikono yangu nikakitupa. Sindano ilipobaki chini kabisa, nikajisifu kwa wenzangu kwamba yangu iko baridi kama soda.

Asubuhi moja simu iliita: mjomba amefariki, Rwamagana. Ndiye ndugu pekee ambaye mama alikuwa amebaki naye. Maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, na kwetu maziko hayamngoji mtu. Makaburini mama asingekwenda, wanawake hawaendi. Alichotaka ni kumwona uso kabla hajatolewa nyumbani.

"Tutawahi?"

"Tutafika mapema, mama. Wacha wasiwasi."

Remera tulipita vizuri. Baada ya Kabuga, mlimani, sindano ikapanda ghafla hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafoka mbele. Baadaye fundi alinieleza kwamba bila kile kidude maji mengine hayapiti kabisa kwenye rejeta, na kwenye kupanda ndipo yanapochemka. Siku hiyo nilijua nini mimi? Nikafungua boneti. Mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto hauguswi, ni kungoja tu.

Basi likaja, nafasi ipo. Mama akashika mkoba wake. "Mwanangu, nipande hili."

"Kaa, mama!" nikamkaripia. "Dakika kumi inapoa."

Niliona aibu, Mungu anisamehe, nina gari langu halafu mama afike msibani kwa basi. Likapita. La pili nalo likapita. Adhana tuliisikia kwa mbali, tukiwa palepale.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanatoka makaburini, viatu vimejaa udongo. Binamu yangu alikuwa amempiga marehemu picha, akampa mama simu aione. Mama akaisukuma bila kuangalia. Akaingia chumbani kwa mjomba, akakaa kwenye kitanda kisicho na shuka.

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Kesho yake nilipomfungulia mlango wa gari turudi nyumbani, akaniambia kwa upole, "Tangulia, mwanangu. Mimi nitapanda basi."