Wavinya na Ndinda, Mapacha Wasiofanana

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kule kwetu milima ya Mbooni, kulikuwa na tunda moja ambalo mwanamke hakuruhusiwa kulila hata akiwa na njaa ya kuanguka: ndizi mbili zilizoshikana ndani ya ganda moja. Nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, akiiona kwenye mkungu aliikata na kumpa ng'ombe.

"Ukila hiyo utazaa mapacha," alituambia, "na mapacha wana njaa ya watu wanne."

Susu alikuwa mtu wa kanisa. Hakuvaa hirizi wala hakumwendea mganga. Lakini habari ya ndizi hakuiona kuwa ni ushirikina. Kwake ilikuwa sawa na kujua mawingu ya upande gani huleta mvua.

Mama yangu ndiye aliyemcheka. Jioni moja alirudi kutoka shambani amechoka, akaikuta ndizi pacha ambayo Susu alikuwa ameitenga, akaimenya na kuila taratibu, pande zote mbili, mama mkwe wake akitazama.

"Mama, nikipata wawili kwa uchungu wa mara moja, si nitakuwa nimepumzika?"

"Kula," Susu akasema. "Lakini mimi nimeona."

Baba alikuwa fundi wa magari Mombasa. Alikuja likizo muda mfupi baadaye, akakaa nasi, akarudi kazini. Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yameanza kubeba, mama alijifungua nyumbani mikononi mwa mkunga wa kijiji, Mama Kilonzo. Wakatoka wasichana wawili. Susu alikuja uani kuniambia, akacheka mpaka ikabidi akae chini.

Furaha hiyo haikudumu. Watoto hawakufanana hata kidogo. Wavinya, aliyetangulia, alikuwa mnene, maji ya kunde, na nywele laini. Ndinda, ambaye maana ya jina lake ni aliyekawia, alikuwa mweusi kama baba, mwembamba, mwenye kilio chembamba pia. Na shuleni kwetu walikuwepo wavulana wawili, mapacha, ambao hata mwalimu alikuwa akiwaita wote wawili ili apate mmoja. Kwa watu wetu, hao ndio waliokuwa mapacha. Hawa wetu walikuwa nini?

Mama Kilonzo akawasimulia wenzake mtoni kwamba hata makondo ya nyuma yalikuwa mawili, kila mtoto na lake. Basi jibu likapatikana: makondo mawili, baba wawili. Wakamtaja na mtu, mwuza vitambaa mmoja, naye maji ya kunde, wa soko la Mbumbuni, mahali mama alipokuwa akipeleka ndizi zake Jumanne.

Mama hakuambiwa lolote. Aligundua tu kwamba wanawake walinyamaza alipofika mtoni. Akaacha kwenda, akawa ananituma mimi, nami nikarudi na maneno ambayo mimi sikuyaelewa lakini yeye aliyaelewa.

Barua ya baba ilipofika kusema anakuja, nilimkuta mama anapanga nguo za watoto ndani ya kiondo. Susu akaingia.

"Unakwenda wapi na watoto wangu?"

"Kwetu Kalamba, Mama. Afadhali niende kabla sijafukuzwa."

"Keti unyonyeshe."

Susu akakibeba kile kiondo hadi uani, akazitoa nguo moja moja na kuzianika kwenye kamba, ingawa zilikuwa kavu. Mtu yeyote aliyepita njiani aliweza kuziona: nguo za watoto wawili, zimeanikwa kwao.

Baba alifika Jumamosi mchana. Alishukia Mbumbuni, na bila shaka maneno yalimpokea hapo kabla hajapanda mlima. Hakunibeba kama kawaida yake. Alisimama mlangoni akiwatazama watoto waliolala kwenye mkeka, na mama akatazama chini.

"Hawa ni mapacha?" akauliza.

Susu aliinama, akamwokota Ndinda na kumweka kwenye mkono mmoja wa baba, akamwokota Wavinya na kumweka kwenye mkono wa pili. Sasa baba hakuweza hata kuvua kofia.

"Nilimkataza mkeo ndizi pacha," Susu akasema. "Akala nikimwona. Kisha wewe ukaja likizo. Ulitarajia nini?"

"Mama, watu wanasema..."

"Watu hawakuwa hapa. Mimi nalala chumba kilicho karibu na chake, na kikohozi chake nakijua. Ukimtilia shaka, sema wazi kwamba mama yako ni mwongo."

Ndinda akaanza kile kilio chake chembamba, na nikaona baba anamtikisa polepole bila kujijua, kama alivyokuwa akinitikisa mimi.

"Huyu mdogo," hatimaye akamwuliza mama, "ananyonya vizuri?"

Hapo ndipo mama alipolia.

Ukweli wa kitabu ulitufikia baadaye, wiki nyingi baadaye, tulipowapeleka watoto zahanati kupimwa uzito. Mama alimwuliza muuguzi kwa sauti ya chini kwa nini hawafanani. Muuguzi akaeleza kama mtu anayeeleza jambo la kila siku. Kuna mapacha wa yai moja, ambalo baada ya kupata mbegu ya baba hugawanyika siku za mwanzo. Hao hufanana, na huwa wote wasichana au wote wavulana. Na kuna wa mayai mawili yaliyotoka mwezi mmoja, kila moja likapata mbegu yake. Hao ni ndugu wa kawaida waliokaa tumboni wakati mmoja, basi mmoja anaweza kumfuata baba na mwingine nyanya yake. Kila mmoja hujijengea kondo lake, na aliyepata mahali pazuri zaidi huzaliwa mnene. Hata wa yai moja, akasema, wakigawanyika mapema sana huwa na makondo mawili. Kondo halimtaji baba.

Mama alimsimulia Susu yote hayo. Susu alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na hilo yai la pili lilitoka wapi mwezi ule, kama si kwenye ndizi?"

Leo dada zangu ni watu wazima, na Ndinda ndiye mrefu kati yao. Nimewaeleza wanangu habari ya mayai vizuri kuliko nilivyoelezwa mimi. Lakini Jumamosi ile hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeijua, na jambo lilitakiwa kuamuliwa siku hiyohiyo, baba akiwa amesimama mlangoni.

Sikuwahi kumwuliza Susu kama naye alipata shaka aliposikia makondo yalikuwa mawili. Nilipokuwa na akili ya kuuliza, tulikuwa tumeshamzika. Nadhani shaka ilimjia, kama inavyomjia mtu yeyote. Nadhani aliipima na miaka aliyoishi na mama yangu, akaona haina uzito.