Sweta ya Manjano

Mwenye duka la nyuzi pale Nyamira alifuma kutwa nzima nyuma ya kaunta, bangili zake amezisukuma hadi karibu na kiwiko zisimpigie kelele. Hakutumia futi. Ukimwambia sweta ni ya mtoto mchanga, alinyoosha kiganja chake, akapima kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, basi. Bosibori, mimba ya miezi minane, alikwenda kununua ya mtoto wake kwa sababu nesi wa kliniki aliwataka wajawazito waje kujifungua na wembe mpya, pamba na nguo. Macho yake hayakubanduka kwenye tumbo la mwenye duka, naye pia mjamzito, kubwa kama lake. Kila sweta mama huyo aliyoimaliza aliitundika dirishani, ikauzwa. Sasa mtoto wake mwenyewe atavaa nini? Swali lilimwasha Bosibori ulimi mpaka akauliza.

"Kwetu nguo ya mtoto haiingii nyumbani kabla mwenyewe hajaingia," alijibu mwenye duka, macho kwenye sindano. "Mara ya kwanza mimi sikusikia. Nilinunua mapema, nikajaza sanduku." Sindano zikasimama. "Mpaka leo sanduku limejaa."

Kisha akafunga sweta mbili kwenye gazeti, ya Bosibori na nyingine ya manjano.

"Hii weka kwako, dada. Ukisikia mtoto analia humu ndani, leta."

Tangu siku hiyo, kila alipokuja sokoni, Bosibori alipunguza mwendo mbele ya lile duka, akatega sikio.