Pipa la Bibi Anastazia

Juzi nilikuwa Mbamba Bay, nikipita nyumba kwa nyumba kukagua mazalia ya mbu wa dengue. Miwani nilikuwa nimeisahau gesti. Kwa Bibi Anastazia nilitoa shikamoo, nikachungulia pipa lake la maji ya mvua, nikaona vidudu vinachezacheza tele. Nikawaita majirani waje wajifunze.

"Mnawaona viluwiluwi hawa? Wakishakuwa mbu, mtaa mzima utaugua."

Bibi alitaka kusema neno, nikamwomba asubiri. Nikalipindua pipa kwa mbwembwe.

Bibi akainama mchangani, akaokota kimoja, akanisogezea karibu na macho. Kilikuwa na mapezi.

"Mwanangu, hawa ni vifaranga vya samaki. Bosi wako aliwaleta jana watumalizie viluwiluwi."

Majirani wakaangua kicheko, nami nikapiga magoti kuwaokota, nikicheka kuliko wote.