Kombe na Fomu ya Kaka

Mwaka huu kata yetu iliandaa mashindano ya vijana, na mtu mmoja apendaye sherehe akapata wazo la kutualika sisi wazee tuliochukua ubingwa wa ligi ya wilaya enzi zile. Tumebaki saba. Tukapangwa kwenye viti vya plastiki pembeni ya uwanja, tumevalishwa fulana zilizotubana matumbo, watoto wanatucheka na sisi tunajichekesha. Sikutaka kwenda. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, eti nikikataa watu watasema naringa. Naringia nini, jamani? Ningejua kitakachosemwa pale, ningejifanya naumwa nikalala.

Lakini ngoja nianze na msimu wenyewe, maana vijana wa sasa ukiwaambia Tunduma tulikuwa na timu ya kutisha, wanakutazama wakidhani umelewa. Mpira kwao ni ule wa Ulaya, kwenye televisheni ya kibandani. Sisi tulicheza. Enzi hizo hakukuwa na Mkoa wa Songwe, sote tulihesabiwa Mbeya, na ligi ya wilaya ilianza baada ya mavuno ya mahindi, baridi ikiwa bado inauma. Uwanja wetu ulikuwa jirani na barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yakikwama kwenye foleni, madereva walipanda juu ya mizigo kututazama, na tukifunga walipiga honi mpaka mbuzi wa watu wanatawanyika. Mimi nilicheza beki wa kulia. Sikuwa beki wa kusifiwa, ila ukitaka kupita kwangu ulipita umechubuka.

Wa kusifiwa alikuwa kaka. Namwita kaka kwa kuwa ni mtoto wa baba yangu mkubwa, mzaliwa wake wa kwanza. Tulilelewa ua mmoja na tulinawa bakuli moja. Alikuwa na mguu wa kushoto, aisee, we acha tu. Vwawa walimwekea watu watatu wa kumkaba, akawapita wote watatu, halafu akarudi kumwinua mmoja aliyeanguka. Kuna mechi tuliyocheza huko juu kwenye mashamba ya kahawa, ukungu umeshuka, kipa wetu haoni hata katikati ya uwanja. Akasikia kelele, akanipigia ukelele, "Ni sisi?" Nikamwambia ni sisi. Msimu mzima ilikuwa ni sisi. Hatukufungwa hata mechi moja.

Kombe tulilichukulia Vwawa, tukarudi nalo juu ya lori la kahawa, tumesimama kwenye magunia, tunaimba mpaka sauti zikakauka. Kina mama walitupokea kwa vigelegele kuanzia relini. Baba mkubwa akalijaza kombe togwa, akanywa wa kwanza kama mkubwa wa ukoo, povu limemganda kwenye sharubu, na machozi yakamtoka mbele za watu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

Kwa kaka, kombe lenyewe lilikuwa mlango tu. Kulikuwa na kiwanda kimoja Mbeya chenye timu yake, na mtu wao alikuja kumtazama mara tatu. Alimwambia wazi: maliza vizuri ngazi ya mkoa, tunakuchukua. Enzi hizo kiwanda kikikuchukua uwanjani kimekuchukua kazini. Kaka hakuzungumza kingine tena. Tukienda shambani anasimama na jembe lake, ananiambia, "Bwana mdogo, hili jembe nitakuachia wewe. Mimi nitavaa ovaroli." Mchumba alikuwa ameshapata, wakwe wamekubali, kilichobaki ni ajira. Alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuwa na pengine pa kutokea.

Basi, kwa ngazi ya mkoa kila mchezaji alitakiwa ajaziwe fomu mpya. Kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi, akanipa mimi kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikakaa barazani kwake tangu asubuhi, najaza. Jina, umri, kabila, mahali ulipozaliwa. Nilivyokuwa mvivu, wote niliwaandikia Tunduma. Kipa kazaliwa Isongole, nikaandika Tunduma. Kiungo wetu kazaliwa Mbangala, nikaandika Tunduma. Nani angeuliza?

Nilipofika kwa kaka, nikanyoosha mgongo. Hii ya kaka, nikasema moyoni, nitaiandika kwa heshima. Kwetu mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mama. Mimba ikikomaa, mke hurudi kwao akajifungulie mikononi mwa mama yake, na ni aibu kubwa kwa mume kumzuia. Sasa kwao mama mkubwa ni ng'ambo, ukitoka kwetu unakatisha mashamba mawili tu ya ulezi. Huko ni Zambia, ndiyo, lakini nani alikuwa anasema Zambia? Sisi Wanamwanga tuko huku na huku. Tulisema "kwa bibi". Mpaka wenyewe ulikuwa jiwe la bikoni ambalo bibi alianikia nguo zake. Nikaandika jina la kile kijiji kwa ukamilifu, herufi za kukoza, na la chifu wake, na la wilaya yake. Nilijiona nimemtendea haki. Yeye peke yake, kati ya watu ishirini, nilimwandikia ukweli wote.

Tulishinda mechi ya kwanza Mbeya, magoli mawili, yote ya mguu ule ule. Siku iliyofuata tuliowafunga wakakata rufaa, wakidai tumechezesha watu wasiostahili. Fomu zikafunguliwa, na mjumbe mmoja wa kamati akasoma pale nilipoandika. Mwalimu wetu, aliyeingia peke yake na baadaye akanisimulia mimi tu, akajitetea mpaka povu likamtoka. Ikaamuliwa watu wawili waje kijijini kwetu kuthibitisha.

Wakamkuta baba mkubwa anasuka kapu. Loo! Mzee yule kwa ukarimu! Akawachinjia jogoo. Walipomuuliza mwanawe kazaliwa wapi, akafurahi kuulizwa. Akawaeleza yote, jinsi alivyomsindikiza mkewe ng'ambo kwa miguu, jinsi mtoto alivyotanguliza miguu, jinsi wakunga walivyosema huyu atakuwa mkimbiaji. Akawaonyesha kwa kidole na upande wenyewe. Kaka alirudi kutoka mazoezini akakuta wageni wanafuta mikono, manyoya yametapakaa, na baba yake anacheka.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mchezaji ni raia wa nchi nyingine, hana kibali, na hakustahili kucheza hata mechi za wilaya. Matokeo yetu yote yakafutwa. Kombe likafuatwa kwa gari, na mwalimu akalikabidhi likiwa limefungwa kwenye kitenge, hakutaka watu walione. Mtu wa kiwandani hakuonekana tena. Kaka akaitwa ofisini mara tatu kuthibitisha uraia wake, na ilipokuja kuthibitika kwamba ni Mtanzania tangu azaliwe, kwa baba na kwa babu, ligi ilishakwisha na nafasi yake ilishapewa mwingine. Mchumba kwao wakasema hawajui la kufanya. Baadaye wakajua, akaolewa Vwawa.

Kaka alimwambia baba yake neno moja tu siku uamuzi ulipotufikia, mimi nikiwepo: "Umeniuza kwa jogoo." Hakumwita baba tena. Alihamia upande wa pili wa kijiji, akajenga, akaoa, akazaa. Mzee akipita, yeye anageuza uso. Mzee akipeleka mahindi mabichi, yanarudishwa na kapu lake. Mama mkubwa alilia, akalia, akazoea.

Na mimi? Mimi nilikuwa najua kwamba wale watu wasingekuja kabisa kama si fomu. Mzee hakuwaambia kitu ambacho hawakuwa nacho mkononi. Mwalimu alijua pia, lakini alihamishiwa mbali na akafia huko. Nilisema nitasema kesho. Kesho ikawa baada ya mavuno, baada ya mavuno ikawa baada ya msiba fulani, na nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kuchelewa kwenyewe. Nilikuwa mwoga. Nasema hivyo hivyo, sipakai mafuta.

Mzee aliniuliza siku moja, ameshazeeka, tumekaa tunapukuchua mahindi. "Mwanangu, hivi nilikosea kusema kweli?" Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, "Hapana, baba mkubwa, hukukosea." Akashika gunzi jingine. Nilimwachia aendelee kujiuliza mpaka alipokufa. Kaka alikuja msibani, akasimama nje ya ua pamoja na majirani, na kaburini hakutia udongo.

Sasa turudi kwenye vile viti vya plastiki. Mshereheshaji akampa kaka kipaza sauti, awaambie vijana siri ya ushindi wetu. Kaka akakishika. Akasema, "Siri ni kukimbia. Lakini mjue, wanangu, sisi tulishinda uwanjani tukauzwa nyumbani. Aliyetuuza ni baba yangu mzazi." Watu wakaguna. Kati ya wale vijana walikuwepo wajukuu wa mzee, mmoja anabeba jina lake. Nilimwona anainamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa kaka. Nilimkuta kibarazani anapanga mbegu za maharage kwenye ungo. "Karibu, bwana mdogo," akasema, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu baraza ya mwalimu, kipa wa Isongole, mwandiko wangu mzuri, mpaka wale watu walivyotumwa. Nilimwambia mzee hakumuuza mtu. Nikaomba radhi mara nyingi, kila neno la radhi ninalolijua nililitumia.

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliendelea kuchagua mbegu kwa muda, mbovu huku, nzima huku, halafu akaanza kuzichanganya zote na hakujua kama anazichanganya.

"Baba alijua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo alikufa akidhani ni yeye."

"Ndiyo, kaka."

Akaweka ungo chini. Mikono yake ilibaki imeshika hewa.

"Ungenyamaza," akasema. "Ulivyoweza miaka yote hiyo, ungenyamaza tu. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu, sasa kaburini nikaseme nini na nani? Wewe umejitua. Mimi umenitwisha, na wa kunitua hayupo."

Nikataka kumshika bega. Akalitoa, taratibu, bila hasira. Akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. Nimekula katika nyumba ile tangu ilipojengwa, watoto wao wamelelewa mgongoni mwa mke wangu, na siku zote nikifika shemeji anaambiwa, "Bwana mdogo huyo, mpakulie."

"Mama," akasema, "kuna mgeni hapa. Mletee chai anywe aende."

Shemeji akatoka na kikombe, akatutazama mmoja mmoja, asielewe. Nikaipokea chai. Nikainywa ikiwa bado ya moto, nikaaga, na kaka akaokota ungo wake.