Meza ya Buya na Masikio ya Margaret

Jumanne tarehe 9 Machi 1954, kwenye mnada wa mali kuukuu za jeshi mjini Mombasa, Buya Godhana wa Garsen alinunua simu mbili mbovu za vitani. Daftari la mnada limeandika jina lake na kazi yake: mvuta kamba wa kivuko.

Hakuwa na mtu wa kumpigia. Alichotaka ni masikio ya mkewe.

Mwaka mmoja kabla, homa ya masika ilimlaza Margaret wiki tatu. Alipoinuka, hakusikia neno ila ukimpigia kelele sikioni. Naye ndiye aliyewafundisha wanawake wa kanisa kusoma, kila Alhamisi alasiri. Dabaso, mzee wa kanisa, alimvumilia sana, kisha akamwita Buya pembeni.

"Mwanafunzi akikosea na mwalimu hasikii, tunafundisha nini? Nampa mpaka Krismasi, Baba Lydia. Zaidi ya hapo siwezi."

Buya alikuwa amewahi kumvusha mzungu mmoja kiziwi, aliyening'iniza kisanduku kifuani na waya sikioni. Alimuuliza dereva wake ni kitu gani. "Ni simu tu," dereva alimjibu. "Ila huyu anajipigia mwenyewe."

Akaanza na meza. Alilaza mlango wa ghala la zamani juu ya madebe, karibu na dirisha. Akapanga bisibisi, koleo, tupa na makopo ya tumbaku ya kutenga nati. Kipimo chake kilikuwa balbu ya tochi, betri na nyaya mbili: waya mzima uliwasha balbu, uliokatika haukuwasha. Simu ya kwanza aliifungua ili ajifunze, na kabla ya kugusa chochote alichora kila waya ulikotoka na ulikokwenda, kwa penseli ya binti yake, Lydia. Hata hivyo kipande cha kusikilizia kilimpasukia mikononi. Ikabaki simu moja.

Kulehemu hakujua. Alishuka hadi Kipini kwa Fundi Shee, aliyetengeneza vibatari kwa makopo, akakaa naye siku tatu.

"Risasi ya kulehemu yataka maji makali, mwanangu," Shee alimwambia, akichovya unyoya wa kuku kwenye kichupa cha tindikali. "Bila haya haishiki. Ukisha, osha. Osha sana."

Buya alirudi na kichupa. La kuosha hakulifuata. Kibatari utakiosha, lakini kitu cha umeme hakimwagiwi maji, hilo hata yeye alilijua. Akapaka viungo vya nyaya, akalehemu, akafuta kwa kitambaa.

Katikati ya Mei, Margaret alitoka mlangoni na kisanduku cha mbao kifuani, ndani yake betri na kipande cha simu cha kusemea, na kile cha kusikilizia kimefungwa sikioni kwa leso. Batula, mama wa Kiorma aliyewauzia maziwa, aliweka kibuyu chini.

"Mama Lydia! Leo wewe iko na kengele kama ng'ombe ya mbele. Ukipotea kichakani sisi tasikia."

"Na wewe leo umetia maji kwenye maziwa," Margaret akamjibu. "Nimesikia yakilia chubwi."

Batula alicheka hadi akashika ukuta. Buya, aliyekuwa dirishani, hakucheka. Kwa mwaka mzima mkewe alikuwa akirudishiwa kila mzaha mara tatu, na mzaha wa kurudiwa hauchekeshi. Huu aliudaka mwenyewe.

Alhamisi ile Margaret alimsahihisha mwanamke aliyekuwa amekaa mkeka wa nyuma. Dabaso aliona, akaenda zake.

Mwezi wa Julai sauti ilianza kukwaruza. Buya alifungua kisanduku akakuta ukijani kwenye viungo, akadhani ni unyevu wa mto. Akakwangua, akapaka maji makali, akalehemu upya. Sauti ikarudi, ikakaa siku kumi. Akarudia. Mara nne alifanya hivyo, kila mara akizidisha maji kidogo ili risasi ishike barabara. Mara ya nne kisanduku kilinyamaza. Ndani ya kipande cha kusikilizia, waya mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika, na kila alipogusa kilichobaki kilimeguka.

Oktoba fundi mmoja wa redio alifika kivukoni akisubiri zamu ya gari lake. Buya alimwonyesha.

"Hapa umelehemu kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya fundi wa mabati."

"Hayo ni ya ndoo, bwana! Kwenye waya hayalali, yanakula usiku na mchana. Sisi tunatumia utomvu mkavu."

"Basi hiki kipande kinatengenezeka?"

Fundi alikigeuza kiganjani, akamrudishia. "Hiki kimekwisha. Na simu za aina hii hazipatikani tena."

Jioni hiyo Buya alichukua kibao cha Margaret cha kufundishia, akaandika kwa chaki: *Maji niliyolehemu nayo ndiyo yaliyokula waya. Kila nilipotengeneza nilikuwa naharibu.*

Margaret alisoma. Akamtazama. "Hakuna kipande kingine?" aliuliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Buya alitikisa kichwa.

"Mwambie Mzee Dabaso mapema," Margaret alisema. "Asihangaike kutafuta mtu siku za mwisho."

Alimwambia siku ya pili. Alhamisi tarehe 6 Januari 1955 darasa lilifunguliwa na Hulda, aliyekuwa mwanafunzi wa Margaret, na saa hiyo Margaret alikuwa shambani, ng'ambo ya mto, akipalilia mpunga.